Msimfungie chumbani

Familia yenye mlevi haikosi kupewa ushauri huu: mfungieni ndani siku tatu, msimpe hata tone, atatoka ameacha. Unanikera sana, kwa sababu unaua.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, ubongo wake umeshazoea kufanya kazi pombe ikiwamo. Ikikatwa ghafla, unachemka. Kuanzia saa 6 hivi baada ya kunywa mara ya mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wapo wanaoanza kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, hawajui walipo, mwili unapanda joto. Hapo ndipo watu hufa, na hapo ndipo mlango umetiwa kufuli.

Kwa hiyo aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha zamani, au anayeamka akitetemeka mpaka anywe ndipo atulie, asiache bila daktari. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza kama diazepamu, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 mapema, kabla ya dripu ya glukosi; mwili uliokosa vitamini hiyo ukitanguliziwa sukari, ubongo unaweza kuharibika. Kabla hamjamfikisha kwa daktari, msimkatie pombe ghafla.

Dawa za kumfanya aichukie pombe msimchanganyie kwenye chakula kwa siri. Akinywa juu yake anaweza kufa.

Wapo wanaoacha peke yao, siwezi kukataa. Lakini msiwafanye kipimo cha wengine. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yenye tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba programu zenye mwongozo za kuwaunganisha watu na AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha) zilisaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine, ikiwamo ya kubadili fikra na tabia.

Nanyi jamaa mna kazi. Kikao cha kwanza cha AA mpelekeni hadi ndani, msiishie mlangoni. Mpeni namba za watu watatu wanaopokea simu kweli, maana hamu ikipanda mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo anayohitaji mtu wa kuzungumza naye. Ile saa aliyozoea kwenda kunywa, awe na mahali pengine pa kwenda. Chupa zenu pia zitoke nyumbani.

Akiteleza, mtafuteni siku hiyohiyo. Muulizeni bila matusi alikuwa wapi, saa ngapi na nani, kisha mpange upya saa hiyo pamoja naye. Akiwa amekunywa mfululizo siku kadhaa, arudi kwa daktari kwanza: arosto, yaani mateso ya mwili kukosa pombe, ya safari hii inaweza kuwa kali kuliko ya mwanzo.