Sisi Ndio Maeneo ya Jirani

Umeme umekatika tena, sasa hivi, yule mama wa tamthilia ya Kituruki akiwa ameshafungua mdomo amtaje baba wa mtoto. Kafungua mdomo, meno nimeyaona, ulimi nimeuona, halafu giza. Mtoto mwenyewe anatafutiwa baba tangu mwezi uanze, na mpaka hapa tulipofikia mimi na yeye hatujui lolote.

Tafadhali asije mtu akaniambia niwe na subira. Anayekaa Njombe mwezi wa saba anahitaji vitu vitatu: blanketi, moto, na kitu cha kuangalia mpaka usingizi uje. Blanketi lipo, ila ikifika usiku wa manane linakuwa la mama watoto peke yake, mimi nabaki na pindo. Moto hauingii chumbani, na hapo sibishani na mtu, maana haupiti kipupwe bila redio kutangaza watu waliolala na jiko la mkaa madirisha yamefungwa, asubuhi mlango ukavunjwa. Kwa hiyo nimebakiwa na kile cha kuangalia, nacho kinategemea waya.

Na taarifa tunapewa, nisiwasingizie. "Ndugu mteja, kutakuwa na katizo la umeme kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni." Ujumbe unaingia saa saba mchana, umeme ushaondoka kitambo, na simu ina chaji ya kuusomea ujumbe huo tu. Unataja mtaa wa kwanza, unataja wa pili, halafu unamalizia "na maeneo ya jirani". Nimehamia mtaa huu nikiwa bachela, leo nina watoto wanaonyoa ndevu, haujawahi kutajwa kwa jina hata mara moja. Sisi ndio maeneo ya jirani. Kukata tunakatiwa wote, kurudisha wanaanza na waliotajwa.

Redio nayo haijambo kwa kutupa moyo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Nimezipiga hesabu mwenyewe, mimi ni karani wa yadi ya mbao, zinafika kweli. Sasa katika hizo zote mimi naomba za balbu moja na televisheni ya inchi 24. Rufiji umeme upo, nasikia. Ukifika huku kwetu unakuta mti umelalia waya, au upepo umefanya yake, basi unageuza.

Ndiyo maana kipupwe hiki nikasema liwalo na liwe, nitasoma. Jirani yetu mmoja ni mwalimu, ana riwaya za upelelezi zimejaa kwenye boksi la sabuni, akaniazima mzigo mzima. Watu wanasifia usomaji, lakini hawajawahi kusoma Njombe usiku. Tochi ya simu unaibana kwa kidevu. Mikononi umevaa soksi. Sasa ukurasa hauendi mpaka ulambe kidole, na soksi hailambiki. Nikawa nageuza kurasa kwa pua. Nimefika ukurasa wa 30, mlinzi wa duka ndiyo kwanza anatokea, hajasema hata neno, nakuta pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Ndiye huyu. Angalia uk. 112." Na alama ya vema. Mwalimu kashazoea kusahihisha, anasahihisha mpaka riwaya. Kile cha pili kilikuwa cha kilimo bora cha parachichi. Nimekisoma chote, maradhi ya majani nayajua yote, na mche sina hata mmoja.

Sizoni za Kikorea sizisemi sana. Kijana wa kibanda cha kurushia muvi alinijazia flashi, zile zilizotafsiriwa, jamaa anakuelezea mpaka mlango ukifunguliwa. Sehemu ya 1 mpaka ya 8 safi. Ya 9 ikawa harusi ya watu wa Makambako. Tuliiangalia yote, maana kompyuta ilishawashwa na betri isingerudi nyuma. Keki ilikuwa nzuri.

Lakini lililonichosha kuliko yote ni la wiki iliyopita. Umeme umekatika saa moja jioni, mitaa ya jirani inawaka, sisi tu ndio giza. Nikasema leo napiga simu. Mimi ni mteja, nanunua tokeni, namba 20 nazibonyeza kwa vidole vilivyokufa ganzi, nina haki ya kuuliza. Nikapiga. Muziki. Nikasubiri. Muziki tena. Mwisho akapokea binti mwenye sauti ya kuoga maji ya moto.

"Habari za jioni mpendwa mteja."

"Nzuri mwanangu, ila tuko gizani."

"Pole sana baba. Naomba unisomee namba iliyoandikwa kwenye transfoma yenu."

"Mimi niko kitandani."

"Naelewa baba. Ni ili mafundi wasipotee."

Nikaona sawa, wasipotee. Nikavaa mabuti ya mvua, nikajizungushia blanketi, mama watoto akanifunga kitenge chake kichwani, masikio yasianguke. Nikachukua na stuli ya jikoni, maana namba huwa wanaziandika juu, na mimi Mungu hakunipa urefu. Simu sikuikata, salio linaendelea kuungua huku binti ananisubiri. Ukungu umeshuka mpaka mkono wako huuoni. Nimefika kwenye transfoma, nimepanda stuli, nimemulika.

Nguzo nzima imebandikwa bango la mganga. Anarudisha mpenzi aliyepotea, anatoa mikosi, anasafisha nyota. Namba ipo, kubwa, imekolezwa. Nikamsomea binti taratibu, tarakimu moja moja, mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "hiyo ni namba ya simu."

"Ndiyo iliyoandikwa kwenye nguzo yenu mwanangu. Na huyu anaahidi kutoa mikosi. Ninyi mnaahidi nini?"

Hata hakujibu, nikasikia filimbi. Vijana wanne wa ulinzi shirikishi wamenizunguka na marungu.

"Wewe! Simama hapo hapo!"

"Nimesimama. Niko juu ya stuli."

"Unafanya nini kwenye transfoma saa hizi?"

"Nasoma."

Wakatazamana. Ukisikia mtu mzima, amejifunga kitenge kichwani, yuko juu ya stuli ndani ya ukungu, anakwambia anasoma, na wewe ungetazamana na mwenzako. Kiongozi wao akaniambia mtaa wa pili walinyonya mafuta ya transfoma mwezi jana, na mwizi naye alikuwa na stuli. Nikawaambia stuli siyo kosa la jinai. Akasema nishuke, nionyeshe mikono. Nikavua soksi. Akanishika kiganja, akaruka nyuma.

"Ana mafuta!"

Baridi hii nani hana mafuta? Usipojipaka mafuta ya mgando Njombe mwezi wa saba, ngozi inapasuka unabaki unatoa damu ukicheka. Nikawaambia nuseni. Wakanusa kwa zamu, wote wanne, na mimi nimenyoosha mikono mbele kama bwana harusi anayesubiri pete. Mmoja akasema yananukia mtoto. Mwingine akasema wezi wa siku hizi wana mbinu. Wakaamua aitwe balozi.

Balozi akaja, naye kajifunga blanketi, na chini yake blanketi lingine. "Kamwene," akasalimia, akanusa kiganja changu bila hata kuambiwa, akatangaza: "Haya ni ya watoto." Anao wajukuu, anayajua. Nikadhani tumemaliza. Hapana. Akataka maelezo, tena kwa mpangilio, nianzie nilikozaliwa.

Hapo ndipo nilipopanda tena stuli. Nikawaambia ndugu zangu, hii nguzo mnayoilinda imetoka wapi? Imetoka huku huku! Milingoti ya milima hii, Mufindi na hapa kwetu, inakatwa, inamenywa maganda, inatiwa dawa, inapakiwa kwenye malori inakwenda kushika waya za watu wengine. Mimi niko pale yadi, mchana kutwa nayaona malori yakipita yamejaa nguzo yanatafuta njia ya Makambako. Tunatoa nguzo, giza tunabaki nalo! Mtu anachukua fimbo shambani kwako, anakwenda kuwekea bendera kwake! Nikasema na mengine ambayo siyaandiki hapa, na sauti ikaanza kunisaliti, nikajisikia nasema kwa nguvu kabisa, dirisha la jirani likafunguka: "Nataka tu kujua baba wa yule mtoto ni nani!"

Kimya. Halafu yule kiongozi akashusha rungu.

"Mzee, kumbe na wewe unaiangalia?"

"Naiangalia mpaka inapokatika."

"Baba yake ni dereva," akasema.

"Dereva wapi!" mwenzake akamrukia. "Dereva alikuwa jela wakati ule. Ni yule mwanasheria."

Wa tatu akasema mwanasheria hana uzazi, ilionyeshwa hospitali. Wa nne yeye alikuwa upande wa marehemu, kwamba hakufa. Ukawaka ubishi pale chini ya transfoma ambao ungekuwa ni megawati tungewasha mpaka Songea. Mtu angepita na pipa akanyonya mafuta yote akaondoka, asingeonekana. Mimi nikawa nawaomba washike zamu, kila mmoja atoe ushahidi wake, maana yule wa marehemu alikuwa na hoja.

Balozi, ambaye tamthilia hana habari nazo, kumbe amechukua simu yangu. Nageuka nasikia anamwambia binti, "Sasa na mimi, mwanangu, kuna suala langu la mita." Suala lake lilianza zamani sana. Mita ilibadilishwa, aliyebadilisha hakurudi, mpangaji akahama na kadi, mpangaji mwenyewe alikuwa shemeji wa nani sijui. Ninamkonyeza, hanioni, ukungu. Alipofika kwenye habari ya mpangaji kuacha jogoo kama dhamana ya deni, salio langu likaisha. Akanirudishia simu: "Imekata yenyewe. Hawa watu hawana adabu."

Bango la mganga tulilibandua. Chini yake palikuwa na bango jingine la mganga.

Umeme ulirudi alfajiri ile ile bila fundi kuonekana. Ulirudi wote kwa pamoja, na taa zote tulikuwa tumeziacha zimewashwa, na televisheni sauti juu kabisa, mtu anahubiri. Watoto wakadhani Yesu amerudi. Mmoja akaungama habari ya sukari.

Sasa leo ndiyo huyu mama wa Kituruki na mdomo wake. Nimekaa hapa, nimeshika rimoti isiyo na kazi, nasema basi, nilale, simu inaita. Shemeji, kutoka Dar es Salaam. Shemeji hapigi bila jambo.

"Shem! Umeona? Si ni yule mjomba mtu!"

Hajasalimia. Hajauliza hali. Kanimwagia mjomba usiku huu, bila ganzi. Mjomba hata hatukumweka kwenye orodha, na mwalimu na kalamu yake nyekundu angalau alinipa namba ya ukurasa nikahakikishe mwenyewe. Nikamwambia shemeji, huku hatuna umeme. Akasema jamani poleni, hata huku baridi imezidi mwaka huu, amevaa sweta. Nikauliza nyuzi ngapi. Akasema 22.

Nyuzi 22! Kwetu nyuzi 22 mwezi wa saba tungefunga ofisi tukaogelee. Nyuzi 22 mtu anavaa sweta, anapiga picha, anaandika "Dar kama Ulaya". Makete huko sakitu inaunguza viazi shambani mpaka majani yanakuwa meusi, na watoto wanakwenda shule wanapuliza vidole, hakuna aliyepiga picha.

Lakini nilijua kuna kitu nyuma. Kikafuata. Anaomba gunia la viazi. Na siyo gunia, anataka lumbesa, lile lenye kichwa, lililoshonewa na kamba juu. Nikamwambia shemeji, sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na ile lumbesa ndiyo inayowaua wakulima huku kila siku tunaipigia kelele. Akasema anajua, yeye mwenyewe anaipinga kabisa, ila hili liwe la mwisho. Nauli ya basi nilipe mimi, kisha yeye atanirudishia "tukionana". Mara ya mwisho tumeonana kwenye msiba, na deni alilokuwa nalo wakati ule akasema siyo mahali pake.

Halafu, kabla hajakata, akakumbuka na parachichi. Kidogo tu, za kuonja. Ndoo mbili.