Centre kuifunga Harvard 1921, kachuo kadogo kweli au timu ya mamluki?

Ukigusa stori za futiboli ya Kimarekani ya zamani lazima mtu atakuletea hii ya Centre College ya Danville, Kentucky, chuo ambacho wanafunzi hata 300 hawafiki, tarehe 29 Oktoba 1921 wanaenda kwa Harvard, kwao kabisa, na wanashinda 6-0. Na Harvard hawakuwa wanyonge, walishabeba Rose Bowl, ile mechi kubwa ya mwaka mpya ya futiboli ya vyuo, Januari 1920, na msimu mmoja nyuma waliwachapa hao hao Centre 31-14. Baada ya mapumziko Bo McMillin, nyota wa Centre, kachomoka na mpira yadi 32 mpaka mwisho, basi, baada ya hapo Centre wakakaba mpaka mechi inaisha. Danville wakapaka rangi C6 H0 kila kona ya mji.

Sasa wabishi wana hoja nzito. McMillin hakuwa mtoto wa Kentucky, ametoka Fort Worth, Texas, sekondari aliyokuwa anafundisha Chief Myers, na Myers mwenyewe alisoma Centre ndo akaanza kuwavuta vijana wake kwenda huko. Tena McMillin na mwenzake Red Weaver ilibidi kwanza wapitie sekondari ya Somerset, Kentucky, maana masomo yao hayakutosha kuingia chuo. Kufika 1921 McMillin ana miaka 26 na tangu 1919 alishaitwa kwenye kikosi bora cha Marekani nzima, na kocha Charley Moran alikuwa anajulikana, refa wa besiboli ya ligi kuu na aliwahi kuifundisha timu ya chuo cha Texas A&M. Kwenye mashindano ya shule zetu hapo watu wangeshapiga kelele mamluki, mamluki!

Mi hapo siwafuati. Mamluki anakuja siku ya mechi kesho humuoni, McMillin alianza kuichezea Centre 1917, akaenda jeshi la majini wakati wa vita akarudi, akacheza tena misimu mitatu. Harvard nao pesa wanazo, uwanja wao wa zege upo tangu 1903, wanafunzi wa kuchagua ni maelfu, kwa hiyo kumwambia mdogo asitafute wachezaji mbali ni kumwambia asishindane kabisa. Udogo wa Centre ulikuwa kwenye benchi, wanaume wale wale wanashambulia halafu wanabaki kuzuia, na hilo Fort Worth haikulitibu.

Kinachonisumbua mimi ni Dallas, 2 Januari 1922, wamepigwa na Texas A&M, timu aliyowahi kuifundisha kocha wao, 22-14. Watetezi wanasema walichoka, wiki moja nyuma walikuwa San Diego wakiifunga Arizona 38-0, halafu McMillin kafunga ndoa asubuhi ya siku ile ile ya mechi. Uchovu naukubali, ndoa ilikuwa maamuzi yake. Ila A&M nao wachezaji walikuwa wanaumia mmoja baada ya mwingine mpaka kocha Dana Bible akamwita E. King Gill kutoka jukwaa la waandishi avae jezi akae tayari, yaani benchi lao lilikuwa limekauka kabisa na bado wakashinda, kwa hiyo benchi fupi tuliloisifia Centre kule Harvard hatuwezi kuligeuza kisingizio Dallas.