Tufe Halikuvunja Mayai

Jamaa yangu wa Sakina, hapa Arusha, ameshawatumia ile sauti ya dakika nne, na najua mmeisikiliza kwa sababu tangu asubuhi naitwa "Trei". Anasema tufe ndilo lililovunja mayai. Uongo mtupu. Laiti ingekuwa tufe.

Mgeni wangu ni mzee wa Uskoti, aliyeichezea nchi yake ule mchezo wa matufe ya nyasini. Nilimpokea na kibegi kidogo kizito kuliko masanduku yake yote, nikajisemea huyu kashapita Mererani kwenye tanzanite kabla yangu. Kumbe matufe manne meusi, kila moja kama kilo moja na nusu. Tulipofika hotelini huko Usa River akaona bustani imefyekwa vizuri, ikawa basi tena.

Akaanza kunisimulia habari za David Bryant, Mwingereza aliyecheza na kiko mdomoni, bingwa wa dunia wa mmoja mmoja 1966, 1980 na 1988. Mskoti kumsifia Mwingereza, machalii wangu, ni shabiki wa Yanga kuisifia Simba. Aliposema Bryant alichukua dhahabu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974, nikaruka: mashindano hayohayo ndiyo Filbert Bayi wetu wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.2! Nikaona wazi damu ya medali ya mkoa huu inanitafuta. Uskoti na Tanzania uwanja mmoja, si ni mechi ya kimataifa? Nikaiweka kwenye status kabisa. (Nimeshaifuta. Acheni kunitumia picha zake.)

Mzee akasema lengo ni kulifikisha tufe karibu na jeki. Nikaenda kwenye buti nikaleta jeki. Akaniangalia, akaiangalia jeki, akanionyesha kijipira cheupe kule mbele. Hapo jamaa wa Sakina akaanza kurekodi.

Akanivua viatu, eti soli zangu zitachimba nyasi. Kumbukeni hizo soksi. Akaeleza kwamba tufe si duara kamili, lina upendeleo, linakata kona kuelekea upande wenye alama ndogo. Nikaitikia "yes, yes" kama ninavyowaitikia wageni wote.

Nikarusha.

Kwa mita kama kumi nilikuwa Bayi. Tufe linateleza taratibu, limenyooka, hadi mtunza bustani kaacha mpira wa maji. Halafu likaanza kupoa, na likipoa ndipo linapokata kona. Likakata. Upande usio wake. Alama ndogo nilikuwa nimeielekeza nje.

Kule lilikokuwa linaelekea, mama wa mayai alikuwa ametua trei tatu kando ya njia, ametupa mgongo, anakaza khanga. Bustani nayo, kama kila kitu upande huu wa Meru, ina mteremko. Nikasema "rudi". Halikurudi. Nikalifuata kwa mwendo wa heshima, mkono mmoja mbele kama anayemwita mbuzi. Mama hageuki. Nikakimbia. Nyuma yangu mzee anapiga kelele kwa Kiswahili chote alichonacho: "Pole pole! Pole pole!"

Tufe likasimama. Shubiri moja kutoka kwenye trei, likasimama lenyewe, limetulia kama limefunga breki.

Mimi sikusimama. Soksi, nyasi zilizotoka kumwagiliwa, mteremko. Nililipita tufe nikiwa nimekaa. Nakumbuka niliwaza vizuri kabisa, "sasa hivi nitafika", na nikafika, na ule mlio si wa kishindo, ni kama mtu anakanyaga majani makavu, halafu ubaridi ukapanda mgongoni chini ya shati la kazi.

Mama akageuka. Akaliangalia tufe, akaniangalia mimi.

"Baba, si huo mpira ndio ulikuwa unakuja?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na hii?"

Yalipona mayai kumi na moja. Nililipa trei zote tatu, mzee akaongezea kwa siri, meneja akasema asinione bustanini, yakaisha. Ila mzee alileta utepe akapima kutoka kwenye tufe hadi kwenye ute, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

Jana Tarangire vioo vyote vya gari vilikuwa wazi, pamoja na vumbi lote lile, na mzee hakuuliza kwa nini.