Wazee wa Uingereza wasitusingizie

Babu anaweka viatu vyake vya mbio kwenye sanduku la kadibodi chini ya kitanda. Ni viatu vya Walsh, vyepesi kama ndala, soli zake zina meno ya mpira, na katikati ya meno hayo kuna tope lililokauka. Anasema ni tope la 1983. Binti yake aliwahi kutaka kuvisugua, nusura wakosane.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani huku Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kwa mzee huyu naenda Jumanne na Ijumaa: chai, dawa, kuoga, na mazungumzo. Namwita Babu kwa sababu kumwita mtu wa miaka themanini na kitu kwa jina lake tupu, kama wafanyavyo wenyewe, mdomo wangu uligoma. Nilimweleza maana yake akaipenda, na siku hizi hata kwenye simu hujitambulisha hivyo. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa milimani. Hakuwahi kushinda kitu. "Kenny Stuart nilimwona mara moja katika kila mbio," huniambia kuhusu bingwa huyo wa milima wa enzi yake, "pale kwenye mstari wa kuanzia."

Mwezi uliopita tulikuwa tunatazama mbio kwenye televisheni, Wakenya watatu na Mwethiopia mmoja wako mbele, mara akaninyooshea kijiko cha uji. "Enzi yetu ilikuwa tamu sana. Halafu mkaja nyinyi mkatumaliza."

Nyinyi! Mimi mtu wa Singida ninayehema nikipanda ngazi za ghorofa moja. Nilicheka, nikampa leso, yakaisha. Lakini kauli ile nimeisikia kwa wazee wengi wa hapa, na hata nyumbani wapo wanaoipokea kama sifa: tuliingia, tukawafagia. Mimi naikataa. Si kwa unyenyekevu. Naikataa kwa sababu hesabu yake haikai sawa.

Enzi yenyewe ilikuwepo, sitambishia Babu. Mwaka 1973 David Bedford, kijana wa masharubu na soksi nyekundu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 pale Crystal Palace kwa 27:30.8. Mwaka uliofuata Brendan Foster, aliyewahi kufundisha kemia kwenye shule ya sekondari, aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 mjini Gateshead, yaani nyumbani kwake, mbele ya watu waliomjua tangu mtoto. Agosti 1981 Sebastian Coe na Steve Ovett walinyang'anyana rekodi ya maili mara tatu ndani ya siku kumi, kila mmoja kwenye mbio zake, bila kukutana hata mara moja. Watu walikuwa wanaahirisha chakula cha jioni kusubiri matokeo.

Ila anayenikuna mimi ni Steve Jones. Alikuwa Mwelsi, koplo wa jeshi la anga, fundi wa ndege. Oktoba 1984 alikwenda Chicago akiwa hajawahi kumaliza marathon hata moja maishani. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye mbio hizohizo, aliishia njiani. Akashinda kwa 2:08:05, rekodi ya dunia. Mwaka 1985 akarudi Chicago, na safari hii hakutaka kungoja mtu. Alimwacha hadi yule aliyelipwa kuongoza kasi, akapita nusu ya njia chini ya dakika 62, akabaki peke yake na barabara. Alimaliza kwa 2:07:13. Wakati huo rekodi ya dunia ilikuwa ya Mreno Carlos Lopes, 2:07:12. Sekunde moja. Kupenga kamasi tu kunakula zaidi ya hapo.

Muda ule wa Jones ulibaki kuwa rekodi ya Uingereza hadi 2018, miaka 33. Aliyeuvunja ni Mo Farah, aliyezaliwa Somaliland, kwa hiyo Babu akitaka kutulaumu watu wa pande zetu kwa hilo, hapo nitanyamaza.

Turudi kwenye hesabu. Mkenya akikupita anaweza kukunyima medali, anaweza kukunyima fedha, anaweza hata kukuharibia usingizi. Hawezi kukuongezea dakika kwenye saa yako mwenyewe. Kama tatizo lingekuwa sisi, Waingereza wa miaka ya tisini na elfu mbili wangekuwa wanakimbia 2:07 ileile na kushika nafasi ya kumi. Hawakukimbia 2:07. Watoto walikuwa wanashindwa na saa za baba zao, na mtu wa kwanza kuwapita hakutoka Eldoret wala Mbulu, alikuwa koplo wa 1985.

Halafu hii habari ya "mkaja" inanichekesha, kana kwamba tulishuka kwenye meli mwaka 1990. Edinburgh 1970, kwenye mita 5,000 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kipchoge Keino alishika nafasi ya tatu nyuma ya wakimbiaji wawili wa Uskoti. Christchurch 1974 Filbert Bayi wetu aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi kwenye utepe, rekodi ya dunia, na Foster alikuwemo kwenye mbio zilezile akitazama mgongo wake. Foster huyohuyo alipata medali ya fedha kwenye mita 5,000, nyuma ya Ben Jipcho. Edmonton 1978 Henry Rono alizoa dhahabu mbili, Foster akachukua ya mita 10,000 huku Mike Musyoki akimfuata, na marathon ikaenda kwa Gidamis Shahanga wa Tanzania. Hapo nani alimmaliza nani? Walikuwa wanapeana kazi, na wote walikuwa wakali kwa sababu hiyo.

Lakini ushahidi wangu mkubwa uko kwenye milima ya Babu mwenyewe.

Milima yenyewe, kwa mtu wa Moshi, ni kichekesho. Mrefu kuliko yote ya England yenyewe, ukiacha Uskoti na Wales, ni Scafell Pike, una mita 978. Ubaya wake haupo kwenye urefu. Ubaya uko kwenye majani mabichi yanayoteleza, mawe yaliyovunjikavunjika, ukungu unaoshuka ghafla usione hata mkono wako, na ukweli kwamba ukimaliza mmoja unateremka hadi bondeni kuanza mwingine. Wenyeji huita vilima hivyo fell. Mwaka 1932 mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, Bob Graham, alivizunguka 42 ndani ya saa 24 na kurudi alipoanzia. Njia hiyo ina kama kilomita 106, na ukijumlisha mipando yote unapata zaidi ya mita 8,000. Yaani ni kama kuutoka ufuo wa Tanga, kupanda hadi Uhuru, na bado unadaiwa zaidi ya mita 2,000.

Mwaka 1982 Billy Bland wa Borrowdale, fundi wa kujenga kwa mawe, aliizunguka kwa saa 13 na dakika 53. Rekodi hiyo ilikaa miaka 36. Alipokuja kuivunja Kílian Jornet wa Catalonia mwaka 2018, Bland alikuwepo Keswick kumpa mkono. Mbio za Borrowdale, ambazo Bland aliweka muda wa 2:34:38 mwaka 1981, zimeendelea kukimbiwa na vijana wenye viatu bora, saa zenye ramani na vyakula vya kunyonya, na muda ule umewatazama tu. Kenny Stuart, mtunza bustani, alipanda na kushuka Ben Nevis, mlima wa Uskoti, kwa 1:25:34 mwaka 1984. Mwaka uliofuata akakimbia Snowdon, mlima wa Wales, kwa 1:02:29. Miongo imepita.

Sasa nani aliwamaliza huko? Hakuna basi la Wakenya lililowahi kushuka Borrowdale kuwanyang'anya vijana wa pale mbio zao. Waliokuwa wakishindana na Bland na Stuart ni majirani zao, na waliobaki kushindana na muda wao ni wajukuu wa majirani haohao. Nilipomwambia Babu hivi, alikaa kimya kwa muda mrefu, akaomba chai nyingine. Kwa Babu, hiyo ni kukubali.

Akaanza kunisimulia Joss Naylor. Huyu ndiye mtakatifu wao. Alikuwa mfugaji wa kondoo kule Wasdale, aliyeumia mgongo utotoni na baadaye kufanyiwa upasuaji mkubwa, mtu ambaye kwa haki angeambiwa akae kitini. Mwaka 1960 mbio zilipita kwao, akajiunga akiwa na buti za kazi na suruali aliyoikata magotini. Kufikia 1975 alikuwa amepita vilele 72 ndani ya saa 23 na dakika 20, wakati wa joto kali. Alipotimiza miaka 60 alipita vilele 60, na alipotimiza 70 akapita 70. Alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 88. Babu anamkumbuka kwa jambo dogo tu: kwamba baada ya mbio, wengine wakiwa wamelala majanini, Joss alikuwa anatazama saa kwa sababu kondoo walikuwa wanamngoja.

Hapo ndipo naliona jibu ninaloliamini. Mwalimu, koplo, fundi mawe, mtunza bustani, mfugaji. Hawa hawakuwa na kambi wala wafadhili. Walikuwa na klabu. Babu anasema Jumanne usiku walikutana watu arobaini kwenye ukumbi wenye bomba moja la maji ya moto, wakatoka kukimbia gizani, na ukichelewa kidogo unaachwa. Ukiwa wa ishirini kwenye kundi la aina hiyo unakuwa mzuri bila kujua. Siku moja anatokea mmoja anayewazidi wote, naye hazidi kwa miujiza. Anazidi kwa sababu kuna thelathini na tisa wanaomkanyaga visigino. Kundi likipungua, hata yule mmoja anapungua.

Na hili mtu wa kwetu halihitaji kufafanuliwa. Nenda Iten, Kenya, saa kumi na mbili asubuhi usimame kando ya barabara ya vumbi. Utapitwa na kundi, halafu kundi, halafu kundi. Tunapenda kuzungumza habari za damu, mwinuko na ugali. Mimi naona lile kundi. Walichokuwa nacho Gateshead mwaka 1974, Iten wanacho leo. Na Tanzania, naomba niseme kwa uchungu, tulikuwa tumeanza kukipata siku za kina Bayi, Nyambui, Shahanga na Ikangaa, nasi tukakiacha kama Waingereza walivyokiacha. Sisi tunamsingizia nani?

Kuna jambo moja ambalo Babu hapendi niligusie, nami huligusia kila wiki. Enzi yake ya dhahabu ilikuwa ya wanaume. Marathon ya wanawake haikuwepo kwenye Olimpiki hadi 1984. Joyce Smith alishinda marathon ya kwanza ya London mwaka 1981 akiwa na miaka 43, na mtu unajiuliza angefanya nini akiwa na 28 kama mlango ungekuwa wazi. Kwa wanawake wa Uingereza dhahabu ilikuja baadaye: Paula Radcliffe alikimbia London 2003 kwa 2:15:25, na dunia nzima ilisubiri hadi 2019 kuona Brigid Kosgei akiivunja. Wakati huo Wakenya na Waethiopia walikuwa wamejaa kila mbio. Hawakummaliza Paula.

Wala hawakuichukia nchi hii. Foster alipoanzisha Great North Run mwaka 1981, aliyeshinda mara ya kwanza alikuwa kijana wa palepale, Mike McLeod. Muongo mmoja baadaye akaja Benson Masya, Mkenya aliyewahi kuwa bondia, akashinda mara nne, na watu wa Newcastle wakamshangilia kama wa kwao. Babu mwenyewe anakumbuka, ila hulikumbuka jambo hilo akiwa na furaha tu.

Ijumaa iliyopita nilimwonyesha kwenye simu marathon ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane 1982. Alikuwa hajaiona tangu siku ilipokimbiwa. Shahanga na Juma Ikangaa wameondoka mapema, wamewaacha wote, jua linapanda, na nyuma yao Robert de Castella wa Australia anakuja taratibu kama deni. Babu akasogeza kiti. Shahanga akakatika. Ikangaa akashikwa, akapitwa, akarudi mbele, akapitwa, akarudi tena. Nami nilikuwa najua mwisho wake, Ikangaa anashindwa kwa sekunde kumi na mbili, lakini roho ilikuwa inanidunda kama utotoni nilipokuwa nikisimuliwa na baba.

"Mpumbavu wewe," Babu akaifokea simu, macho yamelowa, "umeanza mapema mno! Mapema mno, kijana!"

Nikamwambia hiyo ni miaka mingi, hawezi kumsikia. Akaniambia niirudishe pale anapoipata tena nafasi ya kwanza.