Mita Nayo Imeomba Apdeti

Naomba mnisaidie kuuliza: hivi siku hizi kuna kitu chochote kinauzwa kikiwa kimeisha kutengenezwa? Maana nimechoka kununua vitu, nafika navyo nyumbani, vinaniambia nisubiri.

Kijana wangu wa mwisho alifaulu darasa la saba, nami nilishamwahidi akifaulu namnunulia gemu la mpira. Baba ukiahidi mbele ya mama yake, hapo hakuna rufaa. Nikashuka Kariakoo, nikapenya Msimbazi na jua lile, nikapanda ngazi za jengo moja ambalo kila mlango ni duka la simu, nikatoa hela ya maana, nikapewa boksi lenye diski. Nimeishika kwa mkono wangu. Inang'aa mpaka unajiona ndevu. Nikajua nimenunua gemu.

Tumefika Tandika, mtoto kaitumbukiza kwenye PS, ile mashine ya kuchezea magemu, watoto wa jirani wameshajipanga sakafuni, mama yao kakubali kuikosa tamthilia yake kwa heshima ya mwanafunzi. Kioo kikaandika: pakua kwanza. Halafu GB kadhaa wa kadhaa. Nikamuuliza mwanangu, "Sasa kwenye diski kuna nini?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Kuna gemu, baba, ila halijakamilika." Ni kama mama wa chapati akufungie gazeti, ukifungua unakuta kikaratasi: unga unafuata, tanguliza mafuta.

Bando la wiki likaliwa lote na mpira hatukuuona. Watoto wa jirani wakaenda kwao kulala, mmoja akaniambia "pole, baba" kwa sauti ya msibani.

Nina mpwa wangu amesomea kompyuta, anafanya kazi Masaki kwenye jengo la vioo. Nikampigia usiku uleule. "Anko, hiyo kawaida tu. Inaitwa apdeti ya siku ya kwanza." Siku ya kwanza! Yaani ugonjwa umepewa na tarehe ya kuzaliwa. Akanieleza kwamba diski inapelekwa kiwandani mapema ikachapwe, huku nyuma watengenezaji wanaendelea kusaka makosa mpaka siku ya kuuza, na marekebisho yote unayavuta mwenyewe kwa intaneti yako. Nikamwambia, mjomba, kwa hiyo fundi hajamaliza kazi, na nauli ya kumleta amalizie natoa mimi? Akasema, "Kwa lugha ya mtaani, ndiyo."

Sisi tulicheza TV game. Kaseti ya njano unaipuliza mara moja, unaichomeka, inawaka. Isipowaka unaipuliza tena. Huo ndio ulikuwa msaada wa kiufundi, na ulipatikana saa ishirini na nne. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na mawingu yake, mabomba yake, makasa yake na ule muziki unaokuganda kichwani mpaka msikitini, yote ilikuwa kilobaiti 40. Arobaini! Ile picha ya "asubuhi njema" yenye mawaridi anayonitumia shangazi kila alfajiri inazidi hapo. Sasa njoo kwa Call of Duty, gemu la vita: mwaka 2020 kwenye kompyuta lilishapita GB 200. Mpwa wangu alipiga hesabu kwenye simu akapata Mario milioni tano. Milioni tano, na bado humo ndani kazi ni ileile: kukimbia na kupiga risasi.

Sisemi watu wa 1985 walikuwa malaika. Walikuwa na hofu tu. Kaseti ikishatoka kiwandani imetoka. Ukikosea, kosa lako litachekwa na wajukuu. Na yule nyoka wa Nokia je? Alimtengeneza Mfini mmoja, Taneli Armanto, akatoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Nimeishi na nyoka yule kwenye foleni za Tazara, kwenye mabenchi ya hospitali, kwenye vikao vya harusi vya kuchangishana. Hakuwahi kuniomba kitu. Alikula, akarefuka, akajigonga, tukaanza upya. Hakutaka nimthibitishe barua pepe yangu wala kujua niko wapi.

Jirani na duka langu palikuwa na banda la PS2. Mabenchi ya mbao, mashine zimechipiwa, pedi zimefungwa raba ili zisiachie, mechi jero, ukifungwa unampisha mwenzako. Vijana wa mtaani walishachomeka Simba na Yanga ndani ya PES, gemu la mpira, kwa mikono yao, na jezi juu, bila kumuuliza mtu Japani. Walioitengeneza walikuwa Konami. Mwaka 2021 Konami haohao wakaifuta jina PES, wakaiita eFootball, wakaitoa bure. Mimi neno bure likitamkwa Dar es Salaam hushika mfuko. Ilipotoka, wachezaji walikuwa na sura za kutisha, macho yamewatoka, mashabiki nyuma yao wamekatwakatwa na mkasi. Dunia nzima ikacheka mpaka kampuni ikaomba radhi hadharani. Mwaka mmoja kabla, Desemba 2020, lilitoka Cyberpunk 2077, gemu lililosubiriwa miaka, na likawa bovu kiasi kwamba Sony waliliondoa kwenye duka lao la PlayStation wiki moja baadaye na kurudishia watu pesa. Halikurudi mpaka Juni 2021. Ukipeleka nyanya za namna hiyo pale sokoni Tandika, saa nne asubuhi umeshafukuzwa na ndoo yako.

Halafu kuna vile viduka vilivyo ndani ya gemu. Umeshalinunua, umeshalivutia bando, sasa kijana anakuja amekunja mikono nyuma: "Baba, naomba hela ya kununua viatu." Viatu gani, si nimekununulia vya shule juzi? "Siyo vyangu. Vya mchezaji wangu." Mwaka 2006 kampuni moja ya Marekani, Bethesda, iliuza bati la kumvalisha farasi ndani ya gemu la Oblivion, dola 2.50. Farasi hayupo, bati halipo, dola ipo. Watu walipiga kelele kweli, wakatukana, halafu wengi wakanunua. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mimi nawalaumu wale walionunua bati. Wangekomaa kidogo tu, leo nisingeombwa viatu vya mtu asiye na miguu.

Lakini hayo ni ya gemu, mtu mzima unaweza kuyakwepa ukajifanya una kikao. Kilichonimaliza ni mita.

Mwaka 2024 mita ya umeme nayo iliomba apdeti. Mita! Kile kidude cha ukutani ambacho miaka yote kazi yake ni kupiga kelele uniti zikikaribia kuisha. Nimenunua umeme, simu imeita, naona meseji ndefu. Kawaida tokeni ni tarakimu 20 na tumeshazizoea, kuna watu hapa uani wanaziingiza gizani bila kutazama. Safari hii zilikuja safu tatu: 20 za kwanza, 20 za pili, ndipo 20 za umeme wenyewe. Sitini, na uzifuate kwa mpangilio.

Mita yetu iko juu, ambaye aliifunga nadhani alikuwa anacheza kikapu. Mimi niko juu ya stuli, mpangaji wa chumba cha uani ameshika tochi, jirani yetu Mama Mwajuma ameshika simu anasoma. Mama Mwajuma anasoma tarakimu kwa mtindo wa kutangaza matokeo ya mechi. "Nne! Nne tena! Sifuri! Saba…" Saba au moja? "Ngoja nivae miwani." Ukichelewa kubonyeza, mita inajifuta, tunaanza upya. Mpangaji anahamisha tochi kuua mbu. Mtoto anapita akiimba namba zake za shule. Tulipofika safu ya tatu, mpangaji akauliza kama tungepika tu kwa mkaa na kulala.

Nikampigia mpwa wangu nikijua hapo hana utetezi. Anao. Akasema siyo kosa la mtu wa hapa. Ni mita za aina hiyo duniani kote. Tokeni inabeba muda ndani yake, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na sehemu ya kuhifadhia hesabu hiyo inaishia dakika milioni 16 na ushee. Piga hesabu, inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ikijaa, mita ambayo haijaingiziwa zile safu mbili za kwanza haipokei tena tokeni mpya. Nikakaa kimya. Kwa hiyo kuna mzungu huko alikaa mezani, akaona kabisa kaunta itajaa baada ya miaka thelathini na kitu, akasema moyoni: mpaka hapo nitakuwa nimestaafu, na juu ya stuli atakuwa mtu wa Tandika.

"Na kuna nyingine inakuja, anko," akaongeza kwa furaha ya ajabu. "Tarehe 19 Januari 2038. Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu sekunde tangu 1970, nazo zitajaa." Nikamwambia asinitajie tena mwaka wowote.

Dukani ndiyo usiseme. Nina steshenari, napiga kopi, naprinti, naandikia watu barua za maombi ya kazi. Kompyuta yangu imetoa CV za nusu ya Temeke na wengine wamepata kazi kweli, nawaona wanapita na vitambulisho shingoni hawanisalimii. Mashine ni nzima. Sasa Windows 10 yake ikaanza kuniletea taarifa kwamba Microsoft wanaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nikasema basi nipeni hiyo 11. Ikanijibu mashine yangu haifai. Haina kichipu fulani cha usalama, TPM 2.0. Mashine haijalalamika, mteja hajalalamika, mimi sijalalamika; aliyelalamika ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga dukani kwangu.

Mpwa akaanza hotuba ya usalama. Wezi wa mtandaoni wanatafuta matundu, apdeti zinaziba matundu, bila hivyo akaunti za wateja wako zitaibwa. Nakubali, wezi wapo, mimi naishi nao. Ila nami nilikuwa nimejiandaa safari hii. Nikamuuliza: tarehe 19 Julai 2024 ndege zilibaki chini Marekani, hospitali na benki zikakwama, kompyuta milioni 8.5 zikawa vioo vya bluu. Lilikuwa jambazi? Akakohoa. "Hapana, anko. Ilikuwa apdeti ya programu ya usalama. Ya CrowdStrike." Nikamwambia asante, nilitaka tu uitamke wewe.

Akanyamaza kidogo, halafu, kwa sababu hawa watoto hawajui kushindwa, akanipa jipya. Kwamba hata hilo gemu nililonunua, kisheria huenda si langu. Mnajua The Crew? Gemu la magari la Ubisoft, lilitoka 2014. Watu wamelipa, wamecheza, wana diski kabatini. Tarehe 31 Machi 2024 wenyewe wakazima seva zao, basi. Hata ukitaka kuendesha gari peke yako usiku bila kumsumbua mtu, haliwaki. Ulaya watu zaidi ya milioni moja walitia saini wakitaka magemu yasiuawe hivyo. Kule California wakatunga sheria, ikaanza 2025, kwamba duka la mtandaoni likuambie wazi kwamba unachonunua ni leseni tu. Kwa hiyo ushindi mkubwa wa mnunuzi, baada ya kelele zote, ni kuambiwa kwa maandishi safi kwamba hujanunua.

Kaseti yangu ya njano iko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Aje mtu aizime.

Hapo katikati televisheni ya sebuleni ikafa, tukanunua mpya, ile bapa inayojiita janja. Siku ya Simba na Yanga. Nyumba imejaa, wengine wamekalia ndoo, Mama Mwajuma kaja na karanga zake na kelele zake. Dakika kumi kabla ya mpira kuanza, televisheni ikasema imeboreshwa, sasa isome nami nikubali vigezo na masharti. Kurasa hazina mwisho, herufi za ukubwa wa sisimizi, kiingereza cha wanasheria. Chini kuna vitufe viwili: kubali, au hicho kingine ambacho ukikibonyeza inazima. Mpangaji ananiambia, "Mzee, soma kwanza, huwezi jua." Ukumbi mzima ukamgeukia.

Nikabonyeza kubali. Kama humo ndani kuna kipengele kinachosema nimewapa shamba langu la Mkuranga, basi shamba limekwenda. Wakija kulichukua wamuone mzee mmoja pale mpakani, ana panga, na ule mgogoro aliuanza na marehemu baba. Wamwambie akubali vigezo na masharti.