Maduara ya Kandinsky ukutani kwangu, na yale ya Nyero

Jirani yangu Nalongo alikuja kunisalimia hapa Ntinda, mtaa wa Kampala, akaketi, akaikodolea macho picha iliyo juu ya kochi. Chai ilipokaribia kupoa akauliza, "Mwalimu, hii ni picha ya nini?" Nikamjibu ni ya maduara. "Hayo nayaona," akasema. "Nauliza ni ya nini."

Ni nakala iliyochapishwa, tena nakala ya kazi inayojulikana sana. Ina miraba 12, safu tatu za minne minne, na ndani ya kila mraba maduara yanazingirana mpaka kitovuni. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuwa akiishi Munich, aliichora mwaka 1913. Hakuwa akitengeneza pambo la sebule. Alikuwa akijaribu rangi, aone nyekundu inakuwaje ikizungukwa na kijani, na njano ikipakana na buluu. Hilo ndilo jibu nililompa Nalongo: ni picha ya rangi zinavyoishi na majirani zao. Alicheka, lakini akainuka kwenda kuitazama kwa karibu, na hapo ndipo picha hii inapojitetea yenyewe. Ukisogea unaona hakuna duara hata moja lililochorwa kwa bikari. Kingo zinayumba, na rangi ya maji imevuja ikaingia kwa mwenzake. Mkono wa mtu unaonekana, hata kwenye nakala.

Wako marafiki wanaoniambia nakala ni uongo, eti bora ukuta mtupu. Siafiki hata kidogo. Uongo ni kumficha mgeni ukweli. Karatasi halisi iko Munich, katika jumba la sanaa la Lenbachhaus, na ni ndogo, takriban sentimita 24 kwa 32, inaipita kidogo tu karatasi ya kawaida ya ofisini. Yangu ni 60 kwa 80. Kandinsky alifariki mwaka 1944, na katika nchi nyingi za Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo hakuna anayeibiwa mtu akiichapisha leo. Mwalimu wa sekondari wa Kampala ana haki ya kuamka na kitu kizuri mbele ya macho yake.

Ninachokikasirikia ni fremu mbovu. Nakala yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja mjini ikiwa tayari imefungwa. Karatasi ilikuwa imegandamizwa kwenye kioo bila nafasi yoyote. Mvua za Aprili zilipokuja, ukuta ukapata unyevu, jasho likajikusanya nyuma ya kioo, na karatasi ikanata. Nilipojaribu kuitoa, robo ya maduara ilibaki kwenye kioo. Iliniuma sana. Ya pili nilimpelekea fundi mimi mwenyewe. Akakata kadi nene nyeupe ya kuizunguka picha ili isiguse kioo, na nyuma akabandika vipande vinne vidogo vya mpira ili fremu isilale juu ya ukuta. Nimeitundika mbali na dirisha, maana jua letu hupausha rangi za kuchapishwa bila huruma.

Lakini swali la Nalongo lilinipeleka mbali kuliko Munich. Mimi ni mzaliwa wa mashariki mwa Uganda, na nikiwa darasa la sita tulipelekwa Nyero, kilomita chache kutoka mji wa Kumi. Pale, chini ya majabali makubwa, kuna maduara mekundu na meupe yanayozingirana, moja ndani ya jingine. Wataalamu wengi wanasema walioyachora ni wawindaji na wakusanyaji walioishi huko kabla ya Wateso kufika. Nakumbuka nikiinua shingo hadi ikauma, nikishindwa kuelewa mchoraji alifikaje juu kule. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ni sanaa. Tuliambiwa ni historia, tukanakili kwenye madaftari, tukapanda basi.

Kwa hiyo mtu akiniambia michoro ya maumbo matupu ni mambo ya Wazungu, namuuliza kama amewahi kufika Kumi. Na kinachoniuma ni kwamba ya Kandinsky naipata Kampala kwa siku moja, ikiwa imechapishwa vizuri, lakini ya Nyero nimeitafuta duka hadi duka bila kuiona. Nimekuta twiga, ngoma, wanawake wenye mitungi kichwani. Maduara yetu hakuna.

Naomba wapiga picha na wachapishaji wetu walifanyie kazi hili, kwa ruhusa ya wanaolitunza eneo lile. Picha ipigwe asubuhi, mwamba wote uonekane pamoja na nyufa zake, rangi nyekundu isiongezwe ukali. Ichapishwe kwenye karatasi nzito isiyong'aa, na chini yake iandikwe tu: Nyero, Kumi. Nitainunua siku hiyohiyo, na Nalongo ameshasema anataka ya kwake.