Tuache Kuiita Dawa

Kila Jumamosi asubuhi hupita mtaani kwetu Tabata kijana mwenye kipaza sauti cha betri: "Dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya, viroboto, papasi!" Watoto wameshaikariri, wanaiimba wakiruka kamba. Nimekuwa mteja wake kwa miaka mingi. Nimeacha, na nataka kueleza sababu.

Mwaka jana mjukuu wa shangazi yangu, mtoto wa miaka mitatu, alikunywa funda moja kutoka kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyokuwa chini ya kitanda. Ilikuwa dawa ya kunguni iliyobaki. Mate yakaanza kumtoka kama povu, machozi, jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Jirani mmoja akaleta maziwa, mwingine akataka kumtapisha kwa kidole. Wote walikuwa na nia njema, na wote walikosea. Sumu nyingi za majimaji huchanganywa na mafuta ya jamii ya petroli. Mtoto akitapika, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa hayaondoi sumu. Mtoto anakimbizwa hospitali, na chupa inabebwa ili daktari ajue anapambana na nini. Yetu haikuwa na lebo, ikabidi daktari afuate dalili tu. Mtoto alipona, alhamdulillah.

Tangu siku hiyo neno lenyewe linanikera. Dawa ni kitu unachompa mgonjwa. Tukisema "dawa ya mende" tunajilegeza, tunaiweka rafu moja na sukari, tunaongeza kidogo ili "iingie vizuri". Ni sumu. Na sumu inayouzwa kihalali nchini inatakiwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iwe na lebo inayosema ni kitu gani na itumike vipi. Isiyo na lebo usiinunue, hata kwa mia tano.

Hata tukiacha hatari hiyo, sumu yenyewe haikuwa inatusaidia. Nyumba yetu ina vyumba sita na korido moja. Mpangaji wa kwanza anapuliza Jumatatu, kunguni na mende wanahamia kwa wa pili. Wa pili anapuliza Alhamisi, wanarudi. Mayai ya mende yamefungwa kwenye kifuko kigumu ambacho sumu ya kupuliza haipenyi vizuri, na kifuko kimoja cha wale mende wadogo wa jikoni kinaweza kuwa na mayai zaidi ya thelathini. Kunguni nao wameshazoea nyingi ya sumu hizi.

Tulichofanya ni kukaa kikao, wapangaji wote, na mama mwenye nyumba akakubali kununua saruji. Tukaziba nyufa za korido na matundu ya mabomba. Vyombo haviachwi na maji usiku, sinki linafutwa likauke, ndoo ya taka ina mfuniko. Mende anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, lakini bila maji hafiki mbali. Kwa kunguni tulitoa vitanda vyote nje siku moja, tukamwagia maji yanayochemka kwenye maungio na kila ufa wa chaga, tukachemsha mashuka. Tulirudia baada ya wiki mbili, kwa sababu si mayai yote yanayokufa mara ya kwanza. Ilichosha, sitawadanganya. Lakini tulifanya wote siku moja, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana.

Mbu ni shauri la maji, na sisi Dar tunayahifadhi kwa lazima: madumu, mapipa, matangi. Mbu wa dengue, iliyotusumbua mwaka 2014 na tena 2019, anazaliana humo humo kwenye maji masafi, na anauma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Mayai yake hukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Kwa hiyo kumwaga pipa hakutoshi. Lisuguliwe kwa brashi pembeni, kila wiki, kisha lifunikwe.

Bustani ndiyo inayonipa raha zaidi. Nina matuta mawili ya mchicha na bamia kwenye viroba nyuma ya nyumba. Vidukari wakitanda chini ya majani, nawapiga kwanza kwa maji ya kawaida, kwa nguvu. Wakirudi, natumia mwarobaini. Wengi wanachemsha majani, lakini nguvu kubwa iko kwenye mbegu: gramu hamsini za kiini kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, kilale usiku mzima, uchuje, utie kipande kidogo cha sabuni ya mche ili kishike kwenye jani. Puliza jioni, maana jua huiua nguvu yake haraka. Mdudu haanguki papo hapo; anaacha kula, anashindwa kukua. Subira hiyo ndiyo inayowashinda watu wengi, wanarudi kwenye sumu kali, na mboga inachumwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kwisha. Mchicha unavunwa ndani ya wiki nne tu. Ukiupiga leo na kuuvuna kesho, unamlisha mwanao kile ulichomlisha mdudu.

Jumamosi iliyopita yule kijana alisimama getini kwetu kama kawaida. Alikuwa anamimina kutoka kwenye dumu kwenda kwenye vichupa, mikono mitupu, kimiminika kikimchirizika hadi kiwikoni. Nilimletea maji na sabuni anawe. Nikamuuliza humo ndani kuna nini hasa. Akaniambia, "Dada, mimi napimiwa Kariakoo. Naambiwa bei tu."